Samaki wa kusafisha tanki: nani anakula mwani upi, na yupi usimpeleke nyumbani

Ukienda kununua samaki wa mapambo hapa Dar ukasema tanki lako limejaa ukijani, jibu utakalopewa karibu kila mahali ni moja, chukua huyu wa kusafisha. Sasa huyo wa kusafisha leo ni pleko mweusi mwenye madoa, kesho ni samaki mwembamba wa rangi ya dhahabu anayenata kwenye kioo, keshokutwa ni mwingine mwenye mstari mweusi ubavuni, wote wanauzwa kwa jina hilohilo na ahadi hiyohiyo. Na hao ni samaki tofauti kabisa. Mmoja anakomea urefu wa kidole, mwingine anafika mkono mzima kuanzia kiwiko, mmoja ni mpole hana ugomvi na mtu na mwingine akishakua anawabandika wenzake mdomo ubavuni anawanyonya. Mtu anatoa hela yake, anaweka samaki, wiki kadhaa zinapita ukijani uko palepale, basi anaanza kusema hizi habari za samaki wala mwani ni uongo. Sio uongo. Ila hakuna samaki anayekula kila mwani, kila mmoja ana aina zake anazozipenda na nyingine hazigusi hata akifa njaa, kwa hiyo swali la kwanza sio ninunue samaki gani, ni mwani gani ulioota kwangu.

Kabla ya hapo tuelewane kwanza mwani unatoka wapi, maana bila hili yote yanayofuata hayana kazi. Mwani unataka mwanga na unataka mbolea, basi. Mbolea inatoka kwenye chakula cha samaki na kinyesi chao, vinaoza vinatoa amonia, bakteria walioko kwenye filta na kokoto wanaigeuza kuwa nitriti kisha nitrati, na chakula hichohicho kinaleta fosfeti. Sasa fikiria umeongeza samaki wa kula mwani. Anakula, sawa, alafu anakunya, na kile kinyesi ni mbolea ileile imerudi majini. Samaki hatoi mbolea nje ya tanki, anaihamisha tu kutoka kwenye kioo kwenda chini kwenye kokoto, anayeitoa nje ni wewe na mpira wako na ndoo, robo ya maji au hata theluthi kila wiki. Ndo maana kwenye tanki ambalo halibadilishwi maji ukiongeza pleko mkubwa unaweza kukuta ukijani umezidi badala ya kupungua, kwa sababu umeongeza mtu wa kula na kunya kuliko wote waliokuwemo.

Upande wa mwanga ndo sisi wa Dar tunajiumiza sana. Tanki linawekwa sebuleni karibu na dirisha ili wageni walione, jua la jioni linaingia moja kwa moja, alafu taa yake inawashwa asubuhi inazimwa watu wakienda kulala kwa sababu inapendeza. Hapo hata ulete samaki wa dunia nzima hawawezi kushindana. Taa masaa 6 hadi 8 inatosha kabisa, na kama kuna jua linapiga tanki ni bora kulihamisha au kuweka pazia zito. Kingine ni kwamba maji yetu yana joto mwaka mzima, hita huhitaji, ila maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo na kila kitu kinakua haraka, mwani ukiwemo, kwa hiyo ile tabia ya kujaza samaki wengi kwenye tanki dogo huku kwetu inaleta shida mapema. Na umeme ukikatika masaa mengi filta inasimama, bakteria wake wanaanza kufa kwa kukosa oksijeni, unaporudi amonia inapanda. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni hela nzuri kuliko samaki wa ziada.

Haya, mwani wenyewe.

Kama tanki lako ni jipya, halijamaliza hata miezi miwili mitatu, na unaona vumbi la kahawia limetanda kwenye kioo, mawe na majani, ukipitisha kidole linatoka lote, huo ni mwani wa daiatomu. Ndo rahisi kuliko yote, unapenda tanki changa, mara nyingi unapungua wenyewe tanki likikomaa. Samaki karibu wote wa kukwangua wanaula. Ukijani laini unaotanda kwenye kioo nao ni hivyohivyo, unaliwa na wengi.

Hapa ndo panapomfaa pleko mdogo mwenye masharubu puani, wa jamii ya Ancistrus, ambaye mimi nikiulizwa nitaje samaki mmoja tu wa mtu wa kawaida mwenye tanki la lita 100 hivi namtaja yeye bila kufikiria. Anaishia sentimita 12 au 13, ni mvumilivu wa maji ya aina nyingi, hana ugomvi na samaki wengine, ugomvi wake ni madume kwa madume wenyewe kwa wenyewe kwa hiyo weka dume mmoja. Dume ndo mwenye yale masharubu mengi yaliyopanda mpaka kwenye paji, jike anayo machache tu pembeni mwa mdomo au hana kabisa. Anafanya kazi usiku, mchana utamkuta kajificha, usidhani amekufa. Anahitaji kipande cha gogo au mzizi mkavu uliolowekwa mpaka ukazama, anaukwangua muda wote, na usiende kukata mikoko kwa ajili hiyo, mikoko ni misitu ya hifadhi.

Kosa linalofanyika ni kumnunua ndugu yake yule mkubwa kwa kudhani ni yeye. Wakiwa wadogo wa sentimita 5 wanafanana kwa mtu asiyezoea, wote wana mdomo wa kunyonya chini na magamba magumu. Yule mkubwa, wa jamii ya Pterygoplichthys, ana pezi la mgongoni refu na pana sana, akilifungua linasimama juu kama tanga, na hesabu miale ya hilo pezi ukiweza, yaani vile vijiti vinavyolishikilia, ikizidi kumi basi ni yeye. Huyo anapita sentimita 30 na anaweza kufika 40 na zaidi, kwenye tanki la futi mbili lenye lita 54 hawezi kuishi maisha ya maana, na akishakua hata mwani wenyewe haushughulikii tena, anasubiri chakula kinachodondoka, anachimbua mimea na kuchafua maji. Bei yake akiwa mdogo ni ndogo ndo maana anauzika.

Mwingine wa daiatomu na ukijani laini ni oto, yaani Otocinclus, kadogo kabisa, sentimita 4 hivi, anapita juu ya majani bila kuyaharibu. Huyu nampenda sana na ndo maana sitaki watu wamnunue hovyo. Wengi wanavuliwa porini Amerika ya Kusini, wanasafirishwa mbali, wanafika hawajala siku nyingi na wale wadudu wadogo wa tumboni wanaowasaidia kusaga chakula wamepungua, kwa hiyo wanakufa wengi wiki za mwanzo hata kwa mtu makini. Ukiwakuta dukani usiwachukue siku waliyofika, muombe muuzaji, kaka nishikie hawa wiki moja nitarudi, ukirudi uwaangalie tumbo kwa chini wakiwa wamenata kwenye kioo. Tumbo la mviringo chukua, lililobonyea ndani acha. Chukua sita au zaidi maana ni samaki wa kundi, na tanki liwe limekaa miezi kadhaa lina mwani tayari, kwenye tanki jipya linalong'aa oto anakufa njaa.

Madoa ya kijani magumu yaliyoganda kwenye kioo, yale ambayo ukisugua na sponji hayatoki, usitafute samaki. Hamna samaki anayeyaweza vizuri. Kadi ya benki iliyoisha muda wake au wembe, dakika kumi umemaliza, ila kama tanki ni la plastiki usitumie wembe utalichora. Anayesaidia hapo ni konokono wa nerite, huyo anakwangua kweli, na hawezi kukujazia tanki kwa sababu watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi ili wakue. Atakachokuachia ni mayai meupe kwenye mawe na magogo, wapo watu yanawakera.

Na hapa nisimame kidogo maana kuna hatari. Kuna watu wakisikia konokono wanaenda kuokota. Wale wa kwenye miamba ya Kunduchi au Kigamboni ni wa baharini, ukiwaweka kwenye maji yasiyo na chumvi wanakufa na kuoza ndani. Wa mtoni na mabwawani ndo usiguse kabisa, konokono wa jamii ya Bulinus wanabeba vimelea vya kichocho, vinatoka kwa konokono vinaingia majini na kupenya kwenye ngozi, na wewe ndo mwenye kuingiza mkono kwenye tanki kila wiki, wewe na watoto. Hata magugumaji ya kuokota Msimbazi usiyalete ndani, konokono wadogo wanakaa kwenye mizizi huwaoni.

Mwani wa nyuzi, ule mrefu unaopepea, chukua mswaki wa zamani uzungushe utoe mwingi kwa mkono kwanza, samaki wamalizie yaliyobaki. Uduvi wa Amano ni mabingwa wa hizi nyuzi. Waliingia kwenye matanki ya watu kwa sababu ya Takashi Amano, Mjapani aliyekuwa mpiga picha na mtengenezaji wa matanki ya mimea, aliyefariki 2015, yeye ndo aliyeonyesha dunia kazi yao kwenye miaka ya 1980. Ila hapa Dar kuwapata ni bahati, na samaki wakubwa wanawala. Moli, samaki wadogo wa mapambo, nao wanadonoa nyuzi changa, nitarudi kwao.

Sasa kuna ule mweusi au wa kijivu, vishungi vifupi vya ndevu kwenye kingo za majani na mdomo wa filta, ukivuta havitoki. Huu ndo unaotesa watu na ndo unaowafanya wanunue samaki yeyote. Kibailojia ni mwani mwekundu, ukiuweka kwenye spiriti unageuka rangi. Pleko hauli. Oto hauli. Nerite hauli. Anayeula ni samaki mmoja anayepatikana madukani, anaitwa mla mwani wa Siam, jamii ya Crossocheilus, na hata yeye anaula vizuri akiwa kijana na mwenye njaa, ukimjaza chakula cha dukani anauacha. Anafika sentimita 15, anaogelea sana, anaruka, kwa hiyo tanki la mita moja na liwe na kifuniko.

Tatizo kubwa liko hapa, kwa sababu kuna samaki wawili wanauzwa kwa jina lake. Huyu wa kweli ana mstari mweusi mmoja ulionyooka kuanzia puani mpaka mwisho kabisa wa mkia, unaingia ndani ya pezi la mkia unapita katikati mpaka kwenye ncha, na mapezi yake mengine hayana rangi, yanaonyesha. Akipumzika anajiegemeza kwa mapezi juu ya jani au chini, hanati kwenye kioo kwa mdomo. Wa pili ni yule anayeitwa mbweha arukaye, huyo juu ya mstari mweusi ana mstari wa dhahabu uliokolea na mapezi yana rangi, akikua ni mchokozi na huo mweusi hauli vizuri. Wa tatu ndo wa kuogopa, mla mwani wa Kichina, Gyrinocheilus aymonieri, ambaye kwao hasa ni mito ya Thailand, Laos na Kambodia. Huyu ndo yule anayenata kwenye kioo kwa mdomo, na wa rangi ya dhahabu ni yeye huyuhuyu ameboreshwa rangi. Ana tundu la ziada juu ya mashavu la kuingizia maji ili apumue huku mdomo umenata, ni kiumbe cha ajabu kweli. Akiwa mdogo anakwangua ukijani vizuri tu na kila mtu anamsifia. Akipita sentimita 10 anaanza kudai eneo, anawakimbiza wenzake, anawabandika mdomo samaki bapa wanaoenda taratibu anakula ute wa ngozi yao, palepale pananyonyoka na kuoza. Anaweza kufika sentimita 25. Mwenye enjeli au goldifishi amkatae hata akipewa bure.

Na mwenye goldifishi nina neno naye zaidi, maana hapa mjini ndo wengi. Goldifishi anakula sana na kunya sana, tanki lake halikosi mwani, na ndo tanki linalosukumiwa samaki wa kusafisha kuliko mengine yote. Usiweke. Hata pleko akikosa chakula usiku anaweza kumkwangua goldifishi ute wake. Kwangua kioo kwa mkono, badilisha maji mengi zaidi, punguza chakula kiwe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Na goldifishi mwenyewe anadokoa mwani kidogo.

Kuna mambo mawili yanayoitwa mwani ambayo samaki hahusiki nayo. Utando wa kijani cha bluu, unateleza, unabanduka kama shuka na kunuka uozo, huo sio mwani ni bakteria, hakuna anayeula, unyonye kwa mpira, safisha kokoto, ongeza mzunguko wa maji. Na maji yenyewe yakiwa ya kijani huoni upande wa pili, huo ni mwani wa chembechembe unaoelea, samaki hawezi kukwangua maji. Zima taa, funika tanki zima kwa kitambaa kizito siku tatu nne huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha badilisha maji.

Jambo ambalo maelekezo mengi ya nje hayatusaidii ni maji tunayotumia. Bomba la DAWASA kwa wengi linatoka Ruvu, lina klorini, tumia dawa ya kuondoa klorini au yaache kwenye ndoo wazi na pampu ya hewa mpaka kesho yake. Ila nusu ya mji tunaishi na visima, na kisima cha karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuja na nitrati tayari, hapo unabadilisha maji kila wiki na kila wiki unaongeza mbolea, ukijani hauishi na hujui kwa nini. Nunua vile vijikaratasi vya kupimia, pima maji ya kisima peke yake kabla hayajaingia kwenye tanki. Ukikuta nitrati iko juu, changanya na maji ya mvua safi au ya bomba, na ongeza mimea inayokua haraka, itaila hiyo mbolea kabla ya mwani.

Kisima chenye chumvichumvi na maji magumu, yaani yenye madini mengi, kama maeneo mengi ya karibu na bahari, oto atateseka, anataka maji laini. Moli ndo samaki wako. Moli anaishi kuanzia maji yasiyo na chumvi mpaka yenye chumvi ya bahari, maji magumu ndo anayoyataka, anadonoa mwani mchana kutwa, ni rahisi kupatikana na anazaa. Nerite naye gamba lake linataka madini hayo. Yaani kwa mtu wa Kigamboni mwenye maji ya kisima ningemwambia moli wanne, jike watatu dume mmoja, na nerite kadhaa, asihangaike na kitu kingine.

Au aende mbali zaidi, na hili ndo linanisisimua mimi kuliko yote, abadilishe tanki zima liwe la ziwa. Watanzania tuna samaki wala mwani wanaotafutwa dunia nzima. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wa kwenye mawe kule Liuli na Mbamba Bay, maisha yao ni kukwangua mwani uliochanganyika na vidudu vidogo kwenye mawe, yupo Labeotropheus fuelleborni ambaye mdomo wake umeingia chini ya pua ili akwangue akiwa amelala sambamba na jiwe. Tanganyika kuna Tropheus, na Tropheus duboisi wa upande wa Kigoma akiwa mtoto ni mweusi mwenye nukta nyeupe mwili mzima, huwezi kupita bila kumtazama. Maji magumu ya kisima yanawafaa, Ziwa Tanganyika pH yake, kile kipimo cha asidi ya maji, inakaribia 9. Kwenye tanki la namna hiyo ule ukijani kwenye mawe sio uchafu tena, ni malisho, unauacha uote kwa makusudi, unasafisha kioo cha mbele tu ili uone.

Ila hawa sio wa kuongeza kwenye tanki la gapi ili wasafishe. Ni wagomvi, wanawekwa wengi pamoja ili ugomvi utawanyike, Tropheus kumi na mbili na kuendelea kwenye tanki la lita 300 hivi, mawe mengi. Na utumbo wao ni mrefu umeundwa kwa ajili ya kusaga mwani, ukiwapa minyoo na nyama wanavimba tumbo na kufa mmoja baada ya mwingine. Hata perege, ambao kuna watu wanawatia kwenye tanki kwa sababu wanakula mwani, wanakula kweli, wanakula na mimea, wanachimba na kukua mpaka wa kukaangwa.

Kitu kingine ni kwamba mla mwani anahitaji kulishwa. Mwani wa tanki dogo unaisha haraka, na hapo ndo wengi wanapokufa, kioo kinang'aa na samaki amekonda. Kipande cha tango, boga, au mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto dakika moja, funga kwenye jiwe uzame, weka jioni taa ikizimwa, toa asubuhi kilichobaki kisiozee mle. Mchicha uoshwe sana, maana hujui umepuliziwa nini bustanini.

Na kama tayari unaye pleko mkubwa ameshazidi tanki, rudisha dukani au mpe mwenye tanki kubwa, wapo wanaomtaka. Usimwachie Msimbazi wala Ruvu kwa huruma. Hao wametoroka Florida, Mexico, Ufilipino na Bangladesh, wanachimba mashimo kwenye kingo za maji kutagia, kingo zinamomonyoka, na ngozi yao ngumu inafanya wachache sana waweze kuwala. Sisi tunajua sangara alivyofika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wangapi hatuwaoni tena. Ukimpeleka kwa mwenye bwawa, liwe bwawa la kujengwa, mbali na mtaro, na hakikisha masika halifuriki.